Ndugu Aliyebaki Penye Mnyororo

Kambi ya Mgodi, Geita
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, na Bibi nampigia magoti kutoka huku huku niliko. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka nikitafuta habari mbaya, mara ya pili polepole kwa kuwa sikuiona. Alhamdulillahi. Je, ule mguu uliochomwa na mwiba wa samaki umepona sawasawa, au unakanyaga tu ili Mama asiseme? Na viboko wamewaachia mpunga wowote msimu huu?

Mimi mzima. Kifua kimezoea baridi ya asubuhi. Kazi yangu bado ni ile ile ya stoo: natoa sururu, makarai, taa na kamba, na jioni napokea vilivyorudi. Mashine ya kuponda mawe haipumziki. Mwanzoni sikupata usingizi kwa kelele zake, lakini sasa nimekuwa kama wenyeji, ikinyamaza ndipo ninapoamka. Baruti zimewekwa katika nyumba ya mawe nyuma ya stoo yetu. Kila nipitapo pale hunyata, ingawa naambiwa baruti haisikii miguu ya watu. Chakula ni ugali wa mtama na sato wa ziwani, au michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, halafu vikachemshwa na karanga. Nazi hakuna. Mwambie Mama nimeota wali wake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa nikueleze jambo lililonipeleka mbali na kambi wiki iliyopita. Linahusu kwetu, linahusu ile manowari ya Wajerumani iliyozama mkondoni kwetu, na mwisho wake uko mikononi mwako.

Langoni kwa stoo kuna mlinzi, mzee wa Kisukuma, jina lake Masanja, kwao ni Mhunze upande wa Kishapu. Siku niliyofika alinisimamisha na rungu lake.

"Wewe kijana, kwenu wapi?"

"Rufiji, mzee. Kule Delta."

"Lufiji!" Alipiga kelele mpaka vibarua waliokuwa wakipakua lori wakageuka. "Jamani, njooni mwone! Mla kaa amekuja kufia kwetu!" Akanivua kofia, akaivaa yeye. "Hii sasa ni ya mrithi. Na viatu nitavichukua akishapoa."

Baba, nilirudi nyuma hatua mbili. Nilidhani nimeangukia kwa mwizi, au kwa mtu mbaya zaidi ya mwizi. Yohana, karani mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja, naye ni Msukuma, alinivuta pembeni.

"Mbona unaogopa? Huyo mtani wako. Mtukane!"

"Nimtukane mzee wa umri wa baba yangu?"

"Usipomtukana atadhani unamchukia. Mwambie mla michembe. Mwambie lolote."

Nikarudi langoni nimejikaza. Nikasema, "Mzee, shikamoo. Tafadhali naomba kofia yangu." Vibarua walicheka hadi mmoja akaketi chini. Masanja akanirudishia kofia kwa huruma, akisema, "Maskini, shule imemmaliza huyu."

Nilijua kwamba sisi na Wasukuma na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, na nyumbani nimewaona watani wakifanya vituko msibani. Lakini ulinipeleka shule ya bweni ningali mdogo, na utani haufundishwi ubaoni. Basi kila asubuhi Masanja alinitukana, nami kila asubuhi nilimwamkia. Tukaendelea hivyo.

Jioni moja mvua ilinikamata, nikajikinga katika kibanda chake. Akanipa kigoda, akachochea moto, na kwa mara ya kwanza akasema nami bila kupiga kelele.

"Lile chuma kubwa bado limo majini kwenu?"

Nikashtuka kwamba analijua. Nikamweleza kuwa limo, limelala ubavu katika tope la mkondo wetu. Maji yakipwa linajitokeza na watoto wanabandua chaza mbavuni mwake. Nikamweleza kuwa mara kwa mara motaboti ya Boma huleta wageni wa Kizungu kulitazama, na kwamba ni wewe, Baba, unayewapeleka kwa mtumbwi na kuwaonyesha matundu ya mizinga ya Waingereza na mahali Wajerumani wenyewe walipoitoboa manowari yao ili isitekwe. Kwa kujisifu kidogo nikasema pia kwamba Boma limekupa kazi ya kufyeka majani kwenye makaburi ya mabaharia, na kwamba wageni huvua kofia wakifika pale.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Na mnyororo?"

"Mnyororo gani, mzee?"

"Mnene kama paja langu. Ukingoni, tulipopandishia mizinga."

Baba, hapo nikaelewa. Nilikuwa nikiketi juu ya mnyororo ule nilipokuwa mdogo sana, bila kuuliza nani aliuacha. Baada ya manowari kuzama, Wajerumani waliitoa mizinga yake majini wakaitia magurudumu, na watu ndio waliokokota. Masanja alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa kwao akiwa kijana, yeye na mdogo wake aitwaye Shija, wakatembea kutoka Usukuma hadi kwetu. Alisema jua na tope hakuvijali, ila kiu. Maji mbele yako, nyuma yako, kila upande, na yote ya chumvi. Visima vilikuwa mbali na ruhusa haikuwepo.

Mzinga ulipofika juu ukingoni, Shija akaanguka kwa homa. Wakamlaza kando ya mnyororo.

"Nilitaka kukaa naye," Masanja alisema. "Askari akaniambia, vuta. Nikavuta."

Hakumwona tena. Mpagazi mwingine aliyewafuata nyuma ndiye aliyemwambia, huko mbele ya safari, kwamba Shija amezikwa pale pale penye mnyororo. Zaidi ya hilo hajui neno.

Kwao wana desturi. Mtu akifia safarini, matanga yake hayavunjwi mpaka aje mtu kutoka huko alikofia, aseme amelala wapi na alilalaje. Masanja hakuwa na la kusema, kwa hiyo matanga ya Shija yamekaa wazi tangu vita vile vya kwanza hadi leo. Yuko dada yao mkubwa, Bibi Kabula. Mama huyu hajakanyaga ngoma ya harusi tangu siku hizo, hata ya binti yake mwenyewe aliisikiliza akiwa ndani. Sasa ni mgonjwa wa tumbo, amelazwa hospitali ya misheni ya Kolandoto, na ameagiza neno moja kwa Masanja: apate habari za Shija kabla yeye hajazikwa.

"Mungu amekuleta, mla kaa," akaniambia. "Mwandikie baba yako achote udongo kidogo pale penye mnyororo, autume kwa posta. Dada yangu aushike mkononi. Basi."

Baba, unakumbuka mwaka wa gharika. Nilikuwa begani kwako. Nakumbuka ukingo ulivyopasuka na migomba ikaenda imesimama, na mnyororo ukaserereka majini kwa mlio mrefu, na Bibi akafunika uso kwa upande wa kanga. Makaburi ya mabaharia yako juu kwenye mwinuko, hayakuguswa. Ukingo wa wapagazi haupo. Mto umeupeleka.

Sikumwambia. Nilisema mvua imekatika, nikaenda zangu. Siku zilizofuata nikawa naingia stoo kwa mlango wa nyuma, ule wa karibu na baruti. Pima mwenyewe jinsi nilivyokuwa na hofu.

Yohana akasema, "Mwambie mnyororo upo. Mzee atafurahi. Nani atakwenda Rufiji kupima?"

"Na udongo?"

"Chota hapo nje. Udongo ni udongo."

Nilifikiri sana, na sikatai kwamba nilitamani. Lakini nilimwona yule bibi ameshika udongo wa Geita akiulilia, na nikaona pia kwamba jina lako ndilo litakalotajwa, kwamba ni wewe uliyeuchota. Nisingeweza kukufanya mwongo mbele ya watu usiowajua. Nikaenda langoni mchana kweupe, na maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa adabu yote yakanitoka, likabaki moja tu.

"Mzee, mto umekula ukingo. Mnyororo haupo. Ndugu yako hayupo pale."

Lori likaja, akafungua lango, akafunga. Akarudi.

"Mto umemla."

"Ndiyo, mzee."

"Tope lake lilikwenda wapi?"

"Lilitulia chini kidogo, kwenye kona. Ndipo tunapolima mpunga sasa."

"Na wewe umeula mpunga huo?"

"Tangu utotoni, mzee."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. "Basi mmemla ndugu yangu, nyinyi walafi. Hatuhitaji udongo wa posta. Utakwenda wewe mwenyewe kwa dada yangu."

Nikangoja acheke. Hakucheka.

Ruhusa ilibidi niiombe kwa Bwana wa stoo, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa sijamwambia neno zaidi ya "ndiyo, Bwana". Akauliza sababu. Nikasema kuna msiba.

"Ndugu yako amekufa?"

"Ndugu wa mzee Masanja, Bwana."

"Lini?"

Baba, ningeweza kusema jana. Nikasema, "Wakati wa vita vya Wajerumani, Bwana. Vile vya kwanza."

Alinitazama muda mrefu, kalamu ikiwa hewani. Kisha akasema mazishi yaliyochelewa kiasi hicho hayawezi kungoja zaidi, akatupa ruhusa sote wawili. Sijui kama alikasirika au alicheka, kwa sababu nilikwisha kutoka.

Tulipanda lori la pamba, tukavuka ziwa kwa kivuko, tukalala Mwanza kwa jamaa wa Masanja, na kesho yake tukashika njia ya Shinyanga. Nchi ya huko ni wazi, Baba. Unaona ng'ombe mbali kabla hujamwona mchungaji. Tukashuka Kolandoto, ambako Masanja alikwisha tanguliza habari, kama alivyofanya kwao Mhunze. Bibi Kabula alikuwa ameketi barazani hospitalini na kifurushi chake tayari kimefungwa. Wauguzi hawakutaka atoke. Alisema atarudi, na kama hatarudi wampe kitanda mwingine. Ni mwanamke mdogo wa umbo, macho yake makali. Akanitazama, akasema neno kwa Kisukuma, na Masanja akacheka mpaka akakohoa.

"Anasema, ndiye huyu? Mbona mwembamba? Ndugu yetu alikuwa mtu wa miraba minne, amekaaje humu ndani?"

Tulipofika Mhunze ukoo ulikuwa umekwisha kusanyika. Walichinja dume la ng'ombe, na Mwislamu mwenye duka la hapo karibu ndiye aliyeitwa kuchinja kwa ajili yangu, usiwe na wasiwasi juu ya hilo. Asubuhi wakachimba shimo nyuma ya nyumba, penye wazee wao, kina cha goti tu. Nilisimama na wageni wengine nikitazama. Ndipo Masanja akanishika mkono.

"Haya, mtani. Lala."

"Nilale wapi?"

"Wewe ndiye maiti, na wewe ndiye mtani wake. Umemleta, mlaze."

Baba, nilitaka kukimbia. Nilikumbuka wewe, na mwalimu wa chuoni aliyenifundisha Kurani, na nikajiuliza kama ni halali. Nikatia nia moyoni kwamba simwabudu yeyote na simtambikii yeyote, nakwenda kumliwaza bibi mgonjwa. Kama nimekosa, nisamehe, na unionye kwa barua. Nikavua kofia, nikalala. Udongo ulikuwa baridi mgongoni, na mbingu ilikuwa kubwa mno. Nilisikia moyo wangu kama ile mashine ya kuponda mawe.

Bibi Kabula akaja akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, karibu na kichwa changu. Hakulia. Akasema nami kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyerudi amechelewa. Masanja alikuwa akinifasiria, halafu akaacha kunifasiria. Nikajua amelemewa. Bibi akamaliza, akawa ananitazama akingoja. Nikaelewa kwamba nimeulizwa.

"Amesema nini, mzee?"

Masanja alijibu bila kunitazama. "Anauliza, siku ile, nani alikupa maji?"

Sijui, Baba. Hata Masanja hajui, na niliona usoni mwake kwamba swali hilo amekuwa nalo tangu askari alipomwambia avute. Nikisema simjui aliyempa, matanga hayavunjwi. Nikitaja mtu, nimedanganya ndani ya kaburi. Bibi aliinamisha kichwa ili asikie vizuri.

Sijui neno lilitoka wapi. Nikapaza sauti kutoka shimoni, "Maji? Huyu mla michembe? Alikunywa mpaka kisima chetu kikakauka! Mnadhani mimi nimekondeana hivi kwa nini? Nimezaliwa nikakuta kata tupu!"

Kisha mwanamke mmoja akaguna, na mwingine akapiga kofi, na kicheko kikazunguka ua mzima. Masanja akaketi chini na kofia yake machoni, mabega yanamtikisika. Bibi Kabula alikuwa akicheka na machozi yakimtiririka pamoja, akinipiga kifuani kwa kiganja, akisema na kurudia, "Mlafi! Siku zote alikuwa mlafi!" Hayo niliyaelewa baadaye, lakini sauti niliielewa pale pale.

Wakanitoa. Kwa desturi mtani hatoki shimoni bila kudai chake, nami sikujua, nikawa nasimama bure. Mzee mmoja akanisukuma chini tena, "Dai, wewe! Unatutia aibu!" Nikadai kofia ya Masanja. Ninayo hapa, imetoboka, na alipoivua alisema sasa amepata mtani. Wanawake wakapiga vigelegele, shimo likafukiwa, ngoma ikaanza, na Bibi Kabula akatoka kwenda kuitazama. Hakucheza, alishikwa mikono huku na huku, lakini alisimama nje. Kesho yake tulimrejesha hospitali.

Hizo ndizo habari. Kazini nimerudi salama na hakuna aliyenifukuza. Nisalimie Mama, umwambie nimekula vizuri kule na nilivaa fulana. Msalimie dada Mwanaidi na mumewe fundi mitumbwi, na mtoto wao nisiyemjua bado. Nisalimie pia mjomba wangu wa ng'ambo ya mkondo, na mwalimu wa chuoni, ingawa yeye usimsomee ile sehemu ya shimo mpaka uone ameshiba.

Baba, limebaki jambo langu kwako. Neno nililolisema lilikuwa utani, na kila mtu pale alijua ni utani. Lakini Bibi Kabula aliponiaga barazani Kolandoto alinishika kidole akauliza, kupitia Masanja, jina la mtu mwenye kile kisima, ili amtaje katika shukrani zake. Nikasema nitamuuliza baba yangu.

Kwa hiyo nakuomba umuulize Bibi. Yeye alikuwa msichana aliyekwisha olewa wakati ule, na alifunika uso siku ukingo ulipokwenda. Muulize kwa upole kama kuna mtu wa kwetu aliyewateremshia maji wapagazi waliolazwa penye mnyororo. Kama yupo, niandikie jina lake.

Kama hayupo, usiniandikie hivyo. Chukua kata ya maji ya kisimani, ya kisima chetu, si ya mto. Siku utakapokwenda kufyeka kwa mabaharia, pita kwanza pale chini ulipokuwa ukingo, uyamwage, useme ni ya Shija. Halafu uniandikie jina lako.

Mimi mwanao akutiiye,
Rajabu